Kauli iliyomficha mvulana: Ushindani wa wasichana na wavulana shuleni miaka ya sabini

Kuna kitenzi kimoja ambacho mtu aliyesoma shule ya bweni nchini Kenya katika miaka ya sabini hakosi kukikumbuka: kuharibika. Kilitamkwa ofisini mwa mwalimu mkuu mbele ya mzazi aliyeitwa kwa dharura, kikarudiwa sokoni, kisha kikanong'onwa bwenini taa zikishazimwa. "Fulani ameharibika." Hakuna aliyeuliza kilichoharibika ni nini. Msichana amepata mimba, sanduku lake la bati limefungwa, na jina lake linafutwa kwenye rejista. Kisarufi sentensi hiyo haikuwa na kasoro. Ila ilikosa mtu mmoja. Je, mvulana alikuwa wapi?

Makala haya yanalifuatilia swali hilo kwa kuangalia jinsi wasichana na wavulana wa shule za upili walivyoishi, walivyoshindana na walivyozungumziana katika muongo huo. Mfano wetu ni Isiolo, na kuna sababu mbili za kuuteua mji huo. Kwanza, pale Kiswahili kilikuwa daraja la lazima baina ya watu wasioelewana kwa lugha nyingine yoyote. Pili, kiti cha msichana darasani kilikuwa kimepatikana kwa shida kuliko sehemu nyingi za nchi, na kukipoteza kilikuwa kilio cha miaka mingi.

Tuanze na mahali penyewe. Isiolo ilikuwa mji wa mpakani ingawa haikukaribia mpaka wa nchi yoyote. Ukitoka hapo kuelekea Marsabit na Moyale, ulikuwa unaingia barabara ya vumbi na changarawe, na watu wa huko juu waliposafiri kwenda Nairobi walisema wanakwenda Kenya. Wengine bado husema hivyo. Mjini walikaa Wasomali ambao wazee wao walikuwa wanajeshi wa Mwingereza, Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru walioshuka kutoka Nyambene. Wakoloni waliiweka Isiolo katika zile wilaya za mpaka wa kaskazini zilizojulikana kama NFD, na uhuru ulipokuja iliwekwa katika Mkoa wa Mashariki.

Halafu kukawa na vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967. Mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, Daudi Dabaso Wabera, aliuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Hajji Galma Dido. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, wakapoteza mifugo kwa wingi. Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi hicho Daaba. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalituliza bunduki, lakini sheria za dharura zilibaki huko kaskazini hadi 1991.

Kwa hivyo kijana aliyeingia kidato cha kwanza Isiolo mnamo 1972 au 1975 alikuwa mtoto wa familia iliyokuwa ikijaribu kusimama tena. Serikali ilisaidia kidogo. Mwaka wa 1971 Rais Kenyatta aliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya kame, na tarehe 12 Desemba 1973 akatangaza kwamba darasa la kwanza hadi la nne halitalipiwa karo popote nchini. Shule za upili ziliendelea kulipiwa. Sasa chukua mfugaji aliyebakiwa na ng'ombe wachache, ana mvulana na msichana waliopita mtihani wa CPE. Ng'ombe wa kuuzwa ni mmoja. Atamuuzia nani? Wengi walimuuzia mvulana. Msichana aliyefika kidato cha kwanza alikuwa amevuka vikwazo ambavyo kaka yake hakuviona: jembe na kuni, posa za mapema, na ile hoja ya wazee kwamba binti ni mgeni nyumbani kwao, yu njiani kwenda kwa watu.

Shule nyingi za bweni za wakati huo zilitenga jinsia mbili kwa senyenge. Wavulana kivyao, wasichana kivyao, na pale walipochanganywa madarasani, mabweni yalikaa pande mbili za uwanja kama kambi za majeshi mawili. Utengano huo ndio uliozaa ushindani. Kilichoruhusiwa kuvuka senyenge kilikuwa maneno tu: mdahalo, barua na majina ya kutaniana.

Mdahalo ulikuwa tamasha la muhula. Shule ya wavulana ilialika shule ya wasichana, mashati yakapigwa pasi ya makaa, nywele zikachanwa kwa mtindo wa Afro kadiri mwalimu wa zamu alivyofumba jicho. Aliyekuwa na suruali ya miguu mipana, ile Watanzania waliyoiita bugaluu, alitamani siku hiyo sare zisivaliwe. Mada zilijulikana hata kabla ya kubandikwa ubaoni. Je, mwanamke anaweza kuongoza? Je, kumsomesha mvulana kuna faida kuliko kumsomesha msichana? Mahali pa mwanamke ni jikoni, au sivyo?

Ukizitazama vizuri utaona kwamba mada hizo hazikuwa za haki tangu mwanzo. Wavulana hawakulazimika kuthibitisha kwamba wanastahili kuwa shuleni. Wasichana ndio waliosimama kizimbani, wakitetea mbele ya umati haki ya kukalia viti walivyokuwa wamekwisha kuvikalia. Hata hivyo walitetea, tena kwa ushahidi uliozidi kuongezeka kila mwaka. Grace Onyango alikuwa ameingia Bungeni baada ya uchaguzi wa Desemba 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Mwaka wa 1971 Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu. Uchaguzi wa 1974 uliwaleta Julia Ojiambo, Nyiva Mwendwa na yule kijana machachari Chelagat Mutai. Umoja wa Mataifa ukaufanya 1975 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake na kuitisha mkutano mkubwa kule Mexico. Msichana aliyesikiliza taarifa za Sauti ya Kenya kwenye redio ya betri alifika ukumbini na risasi za kutosha.

Na alipozifyatua na kushinda, aliitwaje? Jikedume. Neno hili linastahili kutazamwa. Ni nomino ambatani, jike na dume, na humwambia mwanamke kwamba ufasaha wake haukuwa wake. Ameuazima kwa wanaume. Sifa ikageuzwa tusi bila kubadilishwa hata herufi. Mvulana aliyeshindwa na jikedume hakuwa ameshindwa na msichana. Alikuwa ameshindwa na mwanamume mwenzake aliyevaa sketi, basi fahari yake ikabaki salama. Yeye mwenyewe alijiita fahali, kidume au jogoo, na jogoo wakati huo alikuwa pia nembo ya chama tawala. Msichana mrembo aliitwa kipusa. Wasomaji wengi leo wanaijua maana hiyo tu, lakini maana ya msingi ya kipusa ni pembe ya kifaru, bidhaa ya thamani kubwa inayowindwa. Katika nchi ambayo serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977 kwa sababu ya wanyama walivyokuwa wakimalizwa, neno hilo lilikuwa na ukweli mchungu ndani yake. Kifaru hakiwindwi kwa ajili yake mwenyewe. Kinawindwa kwa alichobeba.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe. Kiingereza kilikuwa lugha ya darasani na, mara nyingi, ya mdahalo. Mwanafunzi aliyenaswa akisema Kiswahili au lugha ya mama alivishwa kidude shingoni na kukibeba hadi amnase mwenzake. Ni kweli kwamba tarehe 4 Julai 1974 Kenyatta alitangaza Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na kwamba Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kifanywe somo la lazima. Hata hivyo, lazima hiyo haikuja hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Miaka ya sabini Kiswahili kilikuwa kama mwanafunzi wa kutwa: kinaingia langoni asubuhi, lakini hakina kitanda.

Pamoja na hayo, kilifanya kazi ambayo Kiingereza hakikuiweza. Mvulana wa Kiborana kutoka Merti alitaka kumwandikia msichana wa Kimeru. Msichana wa Kiturkana kutoka Ngaremara alitaka kumjibu Msomali wa mjini. Watazungumza lugha gani? Wangeweza kutumia Kiingereza cha kamusi, na wengi walijaribu, lakini mapenzi ya Kiingereza yalikuwa na harufu ya mtihani. Basi wakarudi kwenye Kiswahili. Barua ilianza kwa kanuni zilezile zilizofundishwa kwa barua ya kirafiki: natumai u mzima kama mimi nilivyo, dhumuni la waraka huu. Baada ya hapo kanuni ziliisha, na kila mtu akajitegemea. Kwenye bahasha walinyunyizia poda. Ndani waliweka salamu za kutumiwa marafiki wote wa bweni, kama zile za vipindi vya salamu redioni. Kwa vijana wengi wa kaskazini hilo ndilo lililokuwa somo lao la kweli la insha ya Kiswahili. Hakuna aliyewasahihisha, lakini waliandika na kuandika upya usiku kucha, jambo ambalo mwalimu hakufanikiwa kuwalazimisha kulifanya.

Barua hizo hazikuwa na siri kamili, kwani shule nyingi zilifungua barua za wanafunzi, hasa za wasichana. Hapa tunaona mizani ilivyoanza kuelemea upande mmoja. Mwandishi alikuwa mvulana, lakini aliyepatikana na ushahidi alikuwa msichana, kwa kuwa barua husafiri na hukutwa kwa mpokeaji. Euphrase Kezilahabi aliliona hilo mapema. Katika riwaya yake *Rosa Mistika*, iliyotoka 1971, baba anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na maisha ya msichana huyo yanaporomoka kutoka hapo. Kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Hadithi ya msichana kuumia ilionekana hatari kwa wasichana kuisoma.

Tuseme sasa barua imezaa matunda, na mimba imeingia. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata kazi rasmi shuleni. Mzazi aliyeitwa kutoka Garba Tulla au Kinna hakujua Kiingereza, na mwalimu mkuu, aghalabu mtu wa mkoa mwingine, hakujua Kiborana. Mazungumzo yakawa ya Kiswahili. Lugha iliyovishwa kidude asubuhi ikakaribishwa ofisini mchana kumfukuza mtoto. Neno lililoteuliwa lilikuwa kuharibika.

Hebu tulichambue. Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba kitenzi cha Kiswahili hunyambuliwa katika kauli mbalimbali. Kwa kauli ya kutenda tunasema: mvulana amemharibu msichana. Mtendaji yupo mwanzoni, anaonekana. Kwa kutendwa: msichana ametiwa mimba na mvulana. Mtendaji amesogezwa nyuma, lakini kiunganishi "na" kinamshika mkono asitoroke. Kwa kutendesha: mvulana amemzalisha msichana. Hapa ndiyo kabisa, sababu na msababishaji wametajwa kwa kitenzi kimoja. Halafu ipo kauli ya kutendeka: msichana ameharibika. Kiambishi -ik- hueleza hali iliyokifika kitu, wala hakimhitaji mtendaji. Jaribu kumwingiza uone. "Kikombe kimevunjwa na Juma" ni Kiswahili safi. "Kikombe kimevunjika na Juma" kinakwaruza sikio. Sarufi yenyewe inamfungia Juma mlango.

Kwa maneno mengine, lugha ilikuwa na kauli nne mezani, na shule ikateua ile moja isiyo na nafasi ya mvulana. Ilipochoka nayo ilisema msichana "ameshika mimba", kitenzi cha kutenda ambacho mtendaji wake ni msichana peke yake, kana kwamba mimba ni embe lililoning'inia naye akanyoosha mkono.

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili, kama lugha nyingi, kina ubaguzi wa kijinsia ndani yake. Wanatoa mfano wa mwanamume kuoa na mwanamke kuolewa. Msichana aliyethubutu kusema kwenye mdahalo "sisi tutawaoa" alizomewa kwa kuvunja sarufi na mila kwa pigo moja. Hoja hiyo ina uzito, lakini kwa suala letu haitoshi. Wavulana haohao, wakiwa bwenini, walizijua vizuri kauli nyingine. Huko hakuna aliyesema "ameharibika". Walisema nimemnasa, nimempata, nimemwangusha. Nafsi ya kwanza, kauli ya kutenda, tena kwa majigambo. Tukio lilikuwa moja, sarufi mbili. Kwenye sifa mvulana alikuwa kiima cha sentensi; kwenye lawama alitoweka. Lugha haikumficha. Waliomficha ni watumiaji wa lugha, na walijua walichokuwa wakifanya.

Tena hawakuwa walimu peke yao. Sheria ya nchi ilikuwa imeonyesha mfano. Tangu 1959 Kenya ilikuwa na sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kwenda mahakamani kumdai baba wa mtoto fedha za malezi. Mwaka wa 1969 Bunge liliifuta. Bunge hilo halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja; Grace Onyango alikuwa bado hajaingia. Wabunge walilalamika kwamba wanawake wanaitumia vibaya na kuwafanya wanaume kitega uchumi. Kwa hivyo kizazi cha miaka ya sabini kiliingia shule ya upili wakati sheria na kitenzi vinasema kauli moja: mtoto ana mama, na baba ni hisani.

Matokeo yalikuwa wazi. Mvulana alirudi darasani Jumatatu, akafanya mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, akaajiriwa au akaendelea mbele. Pengine alialikwa tena kwenye mdahalo, akasimama na kusema kwamba kumsomesha msichana ni hasara, kwa kuwa wasichana huacha shule. Ushahidi wake ulikuwa kiti ambacho yeye au mwenzake alikiacha wazi. Kwingineko msichana aliyefukuzwa angeweza kuhamia kwa shangazi na kujaribu shule ya wilaya jirani. Kutoka Isiolo, jirani wa kaskazini alikuwa Marsabit, mwendo wa siku nzima kwa lori, na shule za upili za eneo hilo lote zilikuwa chache. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Hakuna aliyeuza wa pili.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka wa 1994 Kenya ilianza sera ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ikaweka bayana kwamba kumwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18 ni kosa la kunajisi, na kunajisi ni kitenzi kinachodai mtendaji. Hatimaye Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, ikasema kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Kutoka 1969 hadi 2010 ni miaka 41. Mtoto aliyezaliwa mwaka sheria ile ilipofutwa alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, pengine, baba alipotajwa tena na sheria kuu ya nchi. Jirani zetu Tanzania walichelewa zaidi. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba anaweza kurudi katika shule rasmi ya kawaida.

Sheria zimebadilika kuliko sentensi zetu. Shule zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona, habari za mimba za wanafunzi zilijaa magazetini na redioni. Zilihesabiwa kwa kaunti, kwa umri, kwa darasa. Wasichana ndio waliohesabiwa. Msemo uliotawala ulikuwa "mimba za mapema", nomino isiyo na kitenzi kabisa, hivyo hata ile -ik- ya zamani haikuhitajika tena. Mimba zikawa kama mafuriko au nzige, janga linaloshuka lenyewe na kuondoka lenyewe. Ukimhesabu mwathiriwa peke yake, utaandaa mpango wa kumwonya yeye peke yake, na ndivyo tulivyofanya.

Ninawasihi walimu wa Kiswahili, wahariri na watangazaji wafanye jambo dogo. Kila wanapoandika sentensi ya namna hii, waijaribu kwa swali la darasa la nne: ni nani aliyetenda? Jibu likiwapo, liandikwe. Likiwa halijulikani, sentensi iseme kwamba anatafutwa. Mwanafunzi wa leo wa Isiolo anaposoma gazeti, ajue kwamba kauli ya kutendeka imeumbwa kwa ajili ya vikombe vinavyovunjika na njia zinazopitika. Kwa mambo ambayo watu huwatendea watu, Kiswahili kina kauli nyingine tatu, na hazijawahi kuharibika.